Kipupwe ni msimu wa kwenda bara

Kila mwaka Juni inapokaribia ukingoni, ndugu zetu wa ughaibuni huanza kurudi nyumbani kwa likizo. Wa Leicester na wa Minneapolis wanakuja shule za watoto wao zikifungwa. Wa Muscat anakimbia joto linalopita nyuzi 40. Ukifungua mabegi yao utakuta vitu vilevile: bukta, vijora, kandambili, miwani ya jua, na mafuta ya kujikinga na jua ya kutosha mtaa mzima. Na sisi tulioko Dar es Salaam, tukibahatika kupata likizo wakati watoto wako nyumbani, tunafungasha hivyohivyo. Kisha wote tunaelekea upande mmoja: Unguja, Bagamoyo, Kigamboni, ufukweni.

Nadhani tunakosea mwelekeo. Pwani ninaipenda na sina neno baya juu yake, ila Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo bara la Tanzania linapendeza kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na ndiyo miezi tunayolipa kisogo. Tunafanya hivyo kwa sababu tumeamini kwamba nchi ya tropiki ni nchi ya joto mwaka mzima na kila mahali. Anayepanga safari kwa imani hiyo ataishia kutetemeka mahali alipotarajia jua, au kukaa chumbani akisikiliza upepo mahali alipotarajia kuogelea.

Tuanze na upepo, maana ndio unaopanga mambo yote. Mwishoni mwa Juni jua linakuwa limesogea mbali kabisa kaskazini. Tanzania yote iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo nasi tunapata sehemu yetu ya baridi inayozipata nchi za kusini. Huko chini, katika Bahari ya Hindi ya kusini, mgandamizo wa hewa unakuwa mkubwa na upepo wa kusi unasukumwa kuja kwetu. Unafika pwani ukiwa umebeba unyevu. Ukikutana na Usambara, Uluguru, au miteremko ya kusini ya Meru na Kilimanjaro, unapanda, unapoa, na kugeuka ukungu na manyunyu. Ukishaivuka milima hiyo unakuwa umekauka, ndiyo maana Dodoma, Singida, Iringa na nyika yote ya Ruaha wanakuwa na anga la buluu wiki baada ya wiki, bila tone la mvua.

Hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Mtu anaambiwa Julai ni kiangazi kaskazini, anakwenda Moshi kuutazama Kilimanjaro, anakaa siku tatu chini ya wingu zito na kurudi bila kuuona mlima. Mlima ulikuwepo. Wenyeji wangemwambia aamke saa 12 asubuhi au asubiri jioni, wakati wingu linapofunguka kidogo. Wapandaji wanaofika juu ya wingu hilo wanakuta jua kali na njia kavu, ndiyo maana Julai hadi Septemba ni miezi yao. Mlima mmoja, siku moja, na hali za hewa mbili zilizotengana kwa saa chache za kutembea.

Jambo la pili ni mwinuko. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi kama 6. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, na usiku wa Julai nyuzi hushuka hadi 18 au 19, hali ambayo mkazi wa Temeke anaiita baridi na kuitolea shuka la pili. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, Iringa kwenye 1,500 na zaidi, Mbeya karibu 1,700, Njombe mjini inakaribia 2,000. Mbeya na Njombe usiku wa Julai hushuka chini ya nyuzi 10. Makete, na uwanda wa Kitulo ulio juu ya mita 2,600, hukaribia sifuri, na zipo alfajiri ambazo umande unaganda juu ya nyasi na mashamba ya viazi yanaamka yamebabuka kama yaliyopitiwa na moto. Kinachoongeza baridi huko ni uzuri uleule wa anga: usiku usio na wingu hauna blanketi, ardhi inapoteza joto ililokusanya mchana, na hewa iliyopoa, kwa kuwa ni nzito, inateremka na kutuama mabondeni.

Kwa anayetaka kuelewa mwinuko kwa mwili wake mwenyewe, namwelekeza barabara ya Uyole hadi Kyela. Unaondoka Uyole, nje kidogo ya jiji la Mbeya, asubuhi. Barabara inapanda safu ya Uporoto hadi zaidi ya mita 2,000, na pale Isongole wauza viazi wamejifunika hadi masikioni. Kisha inaanza kuteremka. Viazi vinakwisha, migomba inaanza. Tukuyu ni chai, ukungu na kijani kisichokatika. Unaendelea kushuka, sweta linatoka, dirisha la gari linafunguliwa, migomba inapungua, kakao na mpunga vinashika nafasi, na kabla ya chakula cha mchana uko Kyela, kwenye mita 500 hivi, umebaki na shati moja na unatafuta maji baridi ya kunywa. Matema, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, haiko mbali kutoka hapo. Saa chache za safari zinakutoa kwenye baridi kali hadi kwenye joto, na ramani ya kawaida haikwambii neno. Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza mwenyeji unapopanga safari ya kipupwe ni hili: hapo kwenu ni mita ngapi?

Sasa pwani. Kusi linapokolea, bahari inachafuka. Mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, upepo unavuma kutwa. Wanaocheza na tiara za kuteleza juu ya maji wanaufuata makusudi, na huo ni msimu wao. Mama aliyekuja na watoto wadogo waogelee atapata mawimbi, majani ya bahari yaliyotupwa ufukweni, na mchanga wa kwenye macho. Nungwi na Kendwa, huko kaskazini, kuna utulivu zaidi, lakini Julai na Agosti ndipo watalii wanapofurika, na bei za vyumba zinapanda. Anayetaka kumwona papa potwe kisiwani Mafia asije Julai: msimu wake ni Oktoba hadi Machi, upepo unapokuwa umegeuka.

Kuna la kuvuka maji pia, na hili sitaki tulipitie haraka. Tarehe 18 Julai 2012, meli ya Mv Skagit, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja na abiria wapatao 290, ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali na mawimbi makubwa. Wengi hawakurudi. Ilikuwa katikati ya kipupwe, kusi likiwa kwenye nguvu zake. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi kwa ukanda wa pwani, zinasomwa redioni na kusambazwa kwenye simu. Atakayepanga kuvuka Julai aisome tahadhari hiyo kabla ya kukata tiketi, na aache siku moja ya akiba upande wa kurudi, ili boti zikizuiwa asijikute anatafuta chombo chochote kinachoelea kwa sababu kesho ana kazi.

Zipo sababu njema za kuwa visiwani wakati huo. Mwaka Kogwa wa Makunduchi huangukia Julai, wanaume wakipigana kwa magomba uwanjani na kibanda kikichomwa kuukaribisha mwaka, na hakuna mwezi mwingine wa kuyaona hayo. Nyangumi nao hupita kwenye maji yetu kati ya Julai na Septemba. Na jirani yetu wa Nairobi, ambaye Julai anakwenda kazini amevaa koti na skafu chini ya wingu lisiloisha, ana haki kabisa ya kushuka Mombasa kuota jua. Kwake pwani ni ahueni. Mimi nasema na mtu wa pwani, na mwana wa nyumbani anayekuja mara moja kwa miaka kadhaa: safari hii panda juu.

Huko juu kuna nini? Kuna wanyama, kwanza. Mvua za masika zikiisha na madimbwi kukauka, wanyama wa hifadhi za Mikumi, Ruaha na Nyerere husogea kwenye maji yaliyobaki, nyasi zinalala, na hata mtu asiye na darubini anaona. Serengeti ya kaskazini wakati huo ina nyumbu wanaovuka mto Mara, na dunia nzima inataka kuwepo, kwa bei ya dunia nzima. Kwa mshahara wa kawaida ningekwenda Ruaha bila kusita. Kiingilio cha raia katika hifadhi zetu ni sehemu ndogo tu ya kile anacholipa mgeni. Gharama iko kwenye gari, na gari mkilichangia familia mbili linabebeka. Ruaha kuna mibuyu isiyohesabika, na mito ya mchanga ambayo tembo huifukua kwa miguu na mkonga hadi maji yatoke. Tembo mkubwa akishakunywa anaondoka, na nyani na ndege wanaingia kwenye kisima alichokiacha. Julai mto Ruaha Mkuu wenyewe bado una maji. Tangu 1993 umekuwa ukikatika mwishoni mwa ukame, kwa kuwa maji mengi yanachukuliwa juu kwenye mashamba ya Usangu. Anayetaka kuuona ukitiririka asingoje Oktoba.

Halafu kuna historia, ambayo kwa mtoto aliyezaliwa Ulaya au Marekani naiona ina uzito kuliko simba. Kalenga, nje kidogo ya Iringa, kuna makumbusho ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe, na fuvu lake limehifadhiwa humo tangu liliporudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mkwawa alikufa tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezungukwa, akakataa kushikwa. Wahehe walikuwa wameishinda safu ya Wajerumani pale Lugalo mwezi Agosti 1891. Yote mawili yalitokea katika msimu huuhuu wa nyasi kavu na usiku wa baridi, na mtoto anayesimama Kalenga mwezi Julai, mikono mfukoni, anahisi kitu ambacho kitabu cha historia hakimpi. Kilomita kama 20 kutoka mjini kuna Isimila, bonde la nguzo za udongo ambako zana za mawe za binadamu wa kale zilichimbuliwa. Mchana wake una jua kali, hivyo kofia inahitajika.

Kuna mahali pamoja pa bara ambapo sipapendekezi Julai, nao ni uwanda wa maua wa Kitulo. Picha zote tunazoziona, za okidi na vilima vilivyotanda rangi, ni za miezi ya mvua, Novemba hadi Aprili. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua, na atakayekwenda kipupwe atakuta nyasi za rangi ya majani makavu, upepo, na anga kubwa. Mimi anga hilo linanitosha. Ila familia iliyoahidiwa maua itakasirika, na ni haki yake, kwa sababu anayeuza safari anayo kalenda na alipaswa kuwaambia.

Hapo ninafika kwenye jambo linaloniuma. Sisi wenyeji hatusemi ukweli kuhusu baridi yetu, na hatujajiandaa nayo. Matangazo yetu yote ni jua. Nimelala katika hoteli moja ya nyanda za juu, chumba safi, televisheni kubwa ukutani, feni kwenye dari, na kitandani blanketi moja jembamba. Maji ya moto hayakuwepo. Mhudumu, binti mpole aliyevaa masweta mawili, aliniambia nisubiri hadi saa 12 asubuhi aniletee kwenye ndoo. Hela ya feni ingenunua mablanketi manne. Na mahali ambapo jua linawaka kutwa bila wingu kwa miezi mitatu, mtambo wa kupasha maji kwa jua ungejilipa mapema. Mgeni anavumilia chumba kidogo na chakula cha aina moja. Usiku wa kutolala kwa baridi hausahau, na atawasimulia wenzake. Wenye hoteli wa Njombe, Mbeya, Iringa, Lushoto na Karatu, hebu wekezeni kwenye blanketi.

Kukosa joto chumbani kuna hatari inayoua, na kila mwenyeji wa mikoa ya baridi anaijua. Watu huingiza jiko la mkaa ndani, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Mkaa unaoungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Familia zimekufa hivyo. Mkifikia kwa ndugu na mwenyeji wenu kwa ukarimu akawaletea jiko chumbani, oteni nalo mlango ukiwa wazi, kisha litoeni nje kabla ya kulala, hata kama bibi atasema wao wanafanya hivyo miaka yote.

Na mavazi? Nenda stendi ya Makambako alfajiri ya Julai, saa 11, mabasi ya usiku kutoka Dar es Salaam yanapoingia. Mlango unafunguka, na konda anateremka wa kwanza akiwa na koti zito na mzula uliovutwa hadi kwenye nyusi. Nyuma yake anashuka kijana wa fulana na kandambili, anapiga hatua mbili, anasimama, anajikumbatia. Upepo wa Makambako hauna pa kuzuiliwa. Wanawake wa chai wamefunga vitenge juu ya masweta, soksi ndani ya kandambili, na birika limewekwa karibu na miguu. Wanamwita kwa sauti ya huruma, "njoo upate moto mwanangu," na yeye anashika kikombe kwa mikono miwili kabla hajauliza bei. Abiria wa kwenda Songea wanabadilisha gari hapo, na baadhi yao wanasubiri hadi jua lichomoze.

Kijana yule alihitaji vitu vichache sana. Fulana ya ndani, shati la mikono mirefu, sweta, na koti jepesi la kuzuia upepo, vivaliwe kimoja juu ya kingine, maana saa 4 asubuhi utaanza kuvua na saa 12 jioni utaanza kuvaa tena. Koti moja zito linakufaa alfajiri tu, na mchana kutwa ni mzigo wa kubeba. Soksi, mzula, viatu vya kufunika. Mafuta ya mgando kwa midomo na visigino, kwa sababu hewa ya huko ni kavu na ngozi ya mtu wa pwani inapasuka ndani ya siku mbili. Hakuna haja ya kununua Ulaya: masweta ya mitumba ya soko la Karume ni mazito na bei yake ni ya kawaida. Ukiwa unakwenda Mikumi au Ruaha, usichague jeusi wala la buluu, rangi zinazowavuta mbung'o, na mbung'o anapenya kitambaa. Chandarua usikiache kwa kuwa kuna baridi. Kyela, Morogoro na pwani yote mbu wapo.

Mwenye wiki moja na watoto wa shule, mimi ningempangia hivi. Apande treni ya umeme Dar es Salaam hadi Dodoma. Tangu 2024 safari iliyokuwa ya siku nzima kwa basi imekuwa ya saa chache, na watoto wanaziona Uluguru dirishani wakati ukungu bado umezishika. Dodoma alale usiku mmoja, kisha achukue basi la Iringa kupitia Mtera, barabara inayoshuka hadi kwenye bwawa na kupanda tena hadi mji ulioko juu ya miamba. Iringa siku moja kwa Kalenga na Isimila, Ruaha siku mbili. Anayebaki na nguvu aendelee hadi Mbeya na kuteremka Kyela. Kurudi ni kwa barabara kuu ya Morogoro, mchana, akae dirishani: kuna mteremko wa Kitonga, kuna mibuyu ya bonde la Ruaha, na kuna kilomita zipatazo 50 ndani ya hifadhi ya Mikumi, ambako twiga na pundamilia huonekana kutoka kwenye kiti cha basi bila kulipa kiingilio. Aepuke wiki ya Saba Saba na ile ya Nane Nane, maana nusu ya nchi inasafiri. Kama hana wiki nyingine, basi akate tiketi za treni na mabasi kwanza, ndipo atafute vyumba, na kila chumba anachokipigia simu aulize maji ya moto yanapatikana saa ngapi na mablanketi ni mangapi.